Boneti ya vani: betri wamebeba, sasa naogopea kontroli boksi (kompyuta ya injini)

Vani_ya_Mkaa: Wakuu, vani yangu inalala nje. Asubuhi nimekuta boneti imerudishiwa tu, betri hakuna. Milango ina loki, vioo vizima, kwa hiyo waya wa kufungulia boneti wameuvutia nje. Nawaza nipitishe mnyororo na kufuli kwenye grili. Kuna njia bora zaidi?

FundiMstaafu: Pole sana. Mnyororo uache. Grili nyingi ni plastiki, inavunjika kwa teke, na mnyororo ukilegea ukagusa feni, rejeta kwaheri.

Anza na waya. Ufuatilie toka kwenye dashibodi hadi kwenye komeo. Vani nyingi kuna kipande kinachofikika kwa kupenyeza mkono kwenye tundu la tairi au nyuma ya grili. Hapo ndipo wanapoudaka. Kipande hicho kipitishe ndani ya bomba la chuma, na komeo ulikinge kwa bamba upande wa chini.

Kisha weka komeo la pili lenye ufunguo wake. Lishike kwenye fremu, maana bati la boneti linakunjwa kwa nondo. Tumia bolti ambazo kichwa hukatika ukishakaza, spana isipate pa kushika. Kontroli boksi nayo ikingwe hivyo hivyo.

Ukitaka kuchomelea, toa teminali za betri na uchomoe kontroli boksi kwanza. Niliwahi kuletewa gari lililochomelewa kila kitu kikiwa kimeunganishwa: boneti imara kama sefu, injini haiwaki.

Konda_Mkuu: Kama ni HiAce isiyo na pua hapo mnapoteza muda, injini iko chini ya viti vya mbele. Imarisha milango.

Vani_ya_Mkaa: Hapana mkuu, hii ina pua. Fundi, moto ukizuka humo je, si nitahangaika na ufunguo?

FundiMstaafu: Ufunguo wa komeo ukae pete moja na wa gari, usiuache nyumbani. Kama una alamu, unganisha na swichi ya boneti. Alamu nyingine zinalinda milango tu.

Vani_ya_Mkaa: Nimechungulia, waya uko wazi kabisa nyuma ya taa ya kushoto. Bomba liwe na upana gani?

FundiMstaafu: Lizidi kidogo ganda la waya. Usilikunje kona kali, utakuwa mzito kuvuta mpaka ukatike siku una haraka.