Ufalme na demokrasia: kweli vinapingana?

Mwanauraia:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Madokezo mengi ya uraia yanaweka ufalme upande huu na demokrasia upande ule, kama mafuta na maji. Mbona Norway na Japani zina wafalme na chaguzi zake zinaheshimika, ilhali Syria ilijiita jamhuri na mwaka 2000 mwana akarithi kiti cha baba? Mtu akitaka kulinganisha kwa haki, aanzie wapi?

Kifungu kwa Kifungu:
Mkuu, kosa liko kwenye kuvioanisha. Kinyume cha ufalme ni jamhuri. Hapo unauliza mkuu wa nchi anapatikanaje. Kinyume cha demokrasia ni udikteta. Hapo unauliza kama wananchi wanaweza kuing'oa serikali kwa kura.

Fungua katiba, ruka dibaji, tafuta mambo manne: nani anamteua waziri mkuu na kwa sharti gani, nani anavunja bunge, muswada usiposainiwa unakuwaje, na jeshi linapokea amri kwa nani. Kifungu cha 4 cha katiba ya Japani ya 1947 kinasema wazi kwamba mfalme hana mamlaka ya kuendesha serikali. Sweden imekwenda mbali zaidi: tangu 1975 spika ndiye anayependekeza waziri mkuu, bunge linampigia kura, na mfalme hata muswada hasaini.

Sasa soma Eswatini. Mwaka 1973 Sobhuza wa Pili alifuta katiba na kupiga marufuku vyama. Katiba iliyoanza 2006 ina bunge na uchaguzi, lakini maseneta 20 kati ya 30 huteuliwa na mfalme, na vyama havigombei viti. Watu wanapiga kura, ila hawana serikali mbadala ya kuichagua.

Wino wa Bunge:
Naongezea hapo kwenye saini, maana ndipo panapovuja. Mwaka 1990 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikataa kusaini sheria ya utoaji mimba. Mawaziri wakatangaza kwamba hawezi kutawala, wakaisaini wenyewe, kisha bunge likamrejesha kitini baada ya siku mbili hivi. Hicho ni kiraka: kifungu cha mfalme asiyejiweza kilitumiwa kwa mfalme mzima wa afya. Luxembourg ilitibu ugonjwa wenyewe. Mtawala Henri alipogoma mwaka 2008 kuhusu sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa, wakarekebisha katiba na kuondoa ridhaa yake kabisa. Uingereza haijafuta chochote. Inategemea mazoea tu kwamba tangu 1708 hakuna muswada uliokataliwa na mfalme.

Zamu ya Tatu:
Nakubali, ila jambo la nne, la jeshi, ndilo zito kuliko yote. Februari 1981 wanajeshi waliteka bunge la Hispania, na Mfalme Juan Carlos, akiwa amiri jeshi mkuu, akaamuru majeshi yabaki kambini. Mapinduzi yakafa. Februari 2005 Mfalme Gyanendra wa Nepal, jeshi likiwa nyuma yake, aliifukuza serikali akajitwalia madaraka. 2008 ufalme ukafutwa. Cheo kilekile, matokeo mbali kama ardhi na mbingu, na hakuna mpiga kura aliyechagua yupi ampate.

Wanaosifu mfalme kwa kuwa hana chama wanasema kweli, lakini faida hiyo hata rais wa Ujerumani anaitoa: hana madaraka makubwa, anachaguliwa kwa miaka 5, na akivunja katiba anashtakiwa mahakamani.