Bakuli la Paul Revere: lilifuliwaje kutoka bamba moja?

FundiKatwe: Salaam ndugu zangu. Nimeona picha ya bakuli la fedha alilofua Paul Revere wa Boston mwaka 1768. Nasikia ni bamba moja tu, halikuungwa. Nataka kujaribia shaba ya milimita 1. Nikate duara la ukubwa gani, na kwa nini ukingo hupasuka?

SonaraJinja: Jumlisha upana wa mdomo na kimo. Bakuli la sm 20 lenye kimo cha sm 10 linataka duara la sm 30. Chora mizunguko kwa bikari. Laza bamba mshazari juu ya fuawe ya kichwa cha mviringo, piga juu kidogo ya pale linapogusa, zunguka toka katikati hadi ukingoni. Mzunguko mmoja ukiisha, bamba limekakamaa: lirudishe motoni hadi wekundu hafifu, kisha lizamishe majini. Fanya hayo kivulini, juani hutaiona rangi.

Ukingo hupasuka kwa mambo mawili: kuacha kulirudisha bamba motoni kila mzunguko, au kupiga kunjo (mkunjo unaojitokeza ukingoni) hadi likajilaza juu ya jenzake. Kunjo lililolala halitoki tena, huwa ufa. Lifungue likingali dogo.

Weusi wa moto utoe kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa (mimina asidi kwenye maji, kamwe si kinyume). Usiingize koleo la chuma humo, fedha itatoka na madoa mekundu ya shaba.

MwalimuMbarara: Bamba moja ni tumbo la bakuli tu, ndugu. Kitako kimelehemiwa.

Na fedha haikuchimbwa pale. Wateja walileta sarafu za Kihispania na vyombo vikuukuu, vikayeyushwa. Kipimo cha Kiingereza kilikuwa fedha sehemu 925 kwa 1000, iliyobaki shaba. Boston haikuwa na ofisi ya kupima fedha kama London, kwa hiyo dhamana ilikuwa muhuri wa fundi: REVERE. Bakuli lenyewe lina aunsi 45, na uzito huo ni fumbo la kisiasa: toleo namba 45 la gazeti la John Wilkes, mpinzani wa serikali kule London.

FundiKatwe: Asante, mwalimu. Hicho kitako, lehemu ya bati itakishika?

SonaraJinja: Itashika, lakini ni dhaifu, na ukilirudisha bakuli motoni bati litaila fedha. Tumia lehemu ya fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, huyeyuka kabla ya bakuli. Paka boraksi (chumvi inayokinga kiungo kisipate weusi ili lehemu itambae), pasha chombo chote, si kiungo peke yake. Lehemu ikijikusanya kama tone, kiungo ni kichafu. Usiongeze moto, safisha uanze upya.