Enameli ya sufuria ya chuma imebanduka ndani

Swali (Nyegezi): Wakuu, sufuria ya chuma cha kusubu imebanduka enameli, kipande kama punje ya mchele. Natumia jiko la mkaa. Bado inafaa kuchemshia sato?

Jibu: Hapana mkuu, istaafishe. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma kwa karibu 800°C. Pakishabanduka, vipande vingine hufuata, vinaishia kwenye mchuzi. Kisababishi kikubwa ni kuibandika sufuria tupu kwenye mkaa mwekundu, kisha kuimwagia maji baridi. Kioo na chuma havisinyai sawa.

Jibu: Nyingine ikija, mkaa safu moja tu, mafuta yatangulie. Mwiko wa mti. Ukoko uloweke, usikwangue.

Jibu: Enameli ikiwa nzima, ndimu na nyanya hazikigusi chuma. Ndiyo maana Le Creuset, chapa ya sufuria hizi ya Ufaransa iliyoanza 1925, bado inapendwa.