Taa ya kutua kwenye Cessna 172: iwashwe lini?

Mwanagenzi_angani: Wakuu, ndege ninayojifunzia ina balbu za zamani, si LED. Mwalimu mmoja anasema taa ya kutua iwake safari nzima, mwingine anasema naunguza balbu bure. Nimfuate nani?

Kapteni_mstaafu: Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ni wa hiari, ila una mantiki: iwashe unapopaa, na kila uwapo chini ya futi 10,000, mchana na usiku. Zaidi ukiwa ndani ya maili 10 za uwanja, kwenye vumbi au ukungu, au palipo na ndege wengi (wenye manyoya). Ukishapita futi hizo 10,000, zima.

Ukiingia njia ya kurukia (ranwei) kusubiri ruhusa, washa zote isipokuwa hiyo. Ukishaambiwa paa, ndipo uiwashe. Mnara wa waongoza ndege na waliosimama mbele wakiona inawaka wanajua unaondoka. Ukiiwasha tangu maegesho usiku, unampofusha anayekuja mbele yako, na macho yake yatahitaji kama nusu saa kulizoea giza tena kikamilifu.

Fundi_umeme: Mwalimu wa pili naye hajakosea. Balbu ya 4509, ya mfumo wa volti 14, ni wati 100 na imekadiriwa saa 25 tu! Inayofungwa kwenye kifuniko cha injini hutikiswa muda wote, na ndege ikisimama hakuna upepo wa kuipoza. Inakula ampea 7 hivi. Kwa hiyo altaneta (inayozalisha umeme wa ndege) ikifa, izime mapema, uibakizie betri hadi fainali, yaani hatua ya mwisho ya kuikaribia ranwei. LED humaliza kero hii, mradi iwe imeidhinishwa kwa ndege. Ya pikipiki hapana, hata ikienea.

Kapteni_mstaafu: Sawa kabisa. Niongeze: ukiingia wingu usiku, zima hiyo pamoja na strobu, zile taa kali za kumetameta. Mwanga unakurudia usoni, kichwa kinazunguka, unapotea mwelekeo.

Mwanagenzi_angani: Na ikiungua nikiwa fainali usiku?

Kapteni_mstaafu: Unatua. Tazama taa za kingo hadi mwisho wa ranwei, punguza kasi ya kushuka, uache magurudumu yaitafute ardhi. Wanaoumia ni waliozoea kukodolea lile duara la mwanga mbele ya pua: wanavuta usukani wakiwa juu mno, ndege inaanguka kama gunia. Mwombe mwalimu mfanye mizunguko kadhaa taa ikiwa imezimwa.