Maumivu yametoka mguuni yakarudi kiunoni, niendelee na zoezi?

Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni fundi cherehani, miaka 41, nashinda nimeinama. Tangu mwezi uliopita kiuno kinauma na maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kwenye kigimbi.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakunichua (kusema kweli nilitegemea kuchuliwa). Aliniinamisha mara kumi, kisha akanirudisha nyuma mara kumi, kila mara akiuliza yanauma wapi. Kuinama kuliyapeleka kigimbini, kurudi nyuma kukayapandisha. Akanipa zoezi la McKenzie: nalala kifudifudi, nasukuma kifua juu kwa mikono, nyonga zikibaki chini, mara 10 kila baada ya saa mbili au tatu.

Leo siku ya tano. Mguu umepoa, ila kiuno kinauma kuliko mwanzo. Mtaalamu anasema hiyo ni dalili njema. Mke wangu haamini kabisa. Ganzi sehemu za siri sina, na mkojo unatoka vizuri, maana nilionywa nikipata ganzi hiyo au mkojo ukigoma nikimbie hospitali usiku huohuo.

Mliopitia hili, kiuno kilichukua muda gani kutulia? Na kwenye cherehani mnakaaje? Nakunja kanga naiweka nyuma ya kiuno, lakini nikianza kukanyaga tu inateleza.