Corolla AE110 inachemsha mlimani: nizibue rejeta, niweke nyingine au nitoe thamostati?

Mpanda_Kitonga: Wakuu, gari ni ya 1998, injini 5A-FE. Foleni ya Dar haina shida, ila nikianza kupanda Kitonga mshale wa joto unapanda nami. Fundi mmoja anasema toa thamostati (ile vali ya kupitisha maji kwenda rejeta), mwingine anasema nunua rejeta. Nimsikilize nani?

SpanaKumi: Kama foleni haichemshi, feni iache. Gari inayochemsha ikikamuliwa tu, mara nyingi maji hayapiti vya kutosha. Ipashe, zima, toa ufunguo, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta. Palipo baridi wakati kwingine kunaunguza ndipo palipoziba.

BintiGereji: Na ikiziba, usihangaike kuzibua. Hiyo ni alumini yenye matanki ya plastiki yaliyobanwa. Ukiifungua kuichokonoa, mara nyingi inarudi inavuja kwenye maungio. Zile za shaba za zamani ndizo zilikuwa za kufungua na kulehemu.

Uyole_Finest: Mimi nilitoa thamostati, mwaka wa pili huu haichemshi.

SpanaKumi: Uko Mbeya mkuu, baridi inakubeba! Injini isipofika joto lake, kompyuta inaongeza petroli kana kwamba ni asubuhi muda wote. Halafu rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Thamostati ya nyuzi 82 unaipima kwa sufuria: ianze kufunguka kabla maji hayajachemka.

MzeeWaHedi: Vijana mna haraka. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kofia ya rejeta, washa. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi ya hedi, inayoziba juu ya bloku ya injini, imeachia na rejeta mpya ni hela ya bure. Kofia nayo mmeisahau, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Ikishika presha ya bar 0.9, maji hufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Springi ikichoka, mlima unakuumbua.

Mpanda_Kitonga: Shikamoo mzee. Mapovu hamna. Thamostati imefunguka vizuri. Rejeta nusu ya chini ni baridi, juu hapashikiki. Naweka nyingine pamoja na kofia.

MzeeWaHedi: Marahaba. Sukuma maji safi ndani ya bloku kwanza, kutu iliyobaki isije ikaziba na hiyo mpya.

BintiGereji: Na safari hii weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), achana na maji ya bomba. Ukijaza, fungua hita hadi mwisho ili hewa itoke.