Mjadala: Kiinua mgongo kikanunue apatimenti mpya ya kupangisha ufukweni Dar?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hesabu. Mdogo wangu amestaafu, amepata kiinua mgongo, akaongezea na hela ya kiwanja alichouza Goba. Sasa anataka kununua apatimenti ya vyumba viwili kwenye jengo jipya Mbezi Beach ili apangishe. Bei ni milioni 180. Muuzaji kamwambia kodi ni milioni 1.2 kwa mwezi na wapangaji wanagombania. Mimi nasema asinunue. Yeye anasema nimeng'ang'ania mambo ya zamani ya kila mtu kujenga mwenyewe.

Hesabu ya muuzaji ni milioni 14.4 kwa mwaka, asilimia 8 ya bei. Ya kwangu haifiki huko. Mpangaji akihama, nyumba ikae tupu mwezi mmoja tu, tumebaki na milioni 13.2. Ada ya jengo, yaani mlinzi, lifti, jenereta na usafi, ni 150,000 kila mwezi, mpangaji awepo asiwepo: milioni 1.8. Kodi ya TRA kwenye pango, asilimia 10: milioni 1.32. Rangi, mabomba na vitasa, weka laki nane. Mkononi inabaki kama milioni 9.3, asilimia 5 na ushei. Hatifungani za Serikali za miaka 25, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na humwiti fundi.

Tena hao wanaogombania tuwatazame vizuri. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, kama ilivyo kawaida ya jiji hili, mpangaji anatakiwa awe na milioni 7.2 kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake: milioni 8.4 kabla hajaingiza godoro. Wenye uwezo huo wapo, lakini wana majengo mapya mengi ya kuchagua, na kila mwaka linaota jingine lenye vigae vipya zaidi ya vyako.

Jumamosi nilikwenda naye kuliona. Roshani inatazama bahari, upepo mzuri, hilo silipingi. Nikafungua bomba la jikoni nikaonja maji: ya kisima, chumvi. Fundi aliyekuwa akifunga sinki akasema laini ya DAWASA bado haijaunganishwa. Kisha nikasogea ukingoni nikatazama jengo la jirani, ambalo mlinzi wake anasema halijafikisha miaka kumi. Chini ya roshani za ghorofa ya pili plasta imebanduka, nondo zimevimba kwa kutu mpaka zimepasua zege, na vyuma vinavyoshikilia viyoyozi vimeliwa vikabaki kama biskuti. Hiyo ndiyo bahari tunayouziwa. Mnunuzi anailipia mara mbili, kwenye bei na kwenye matengenezo. Mpangaji haulizi bahari. Anauliza maji, maegesho, na atatoka saa ngapi asubuhi aiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo.

Wanaotetea apatimenti wana hoja moja nzito, na sitaki kuipuuza. Wenzetu walio Oman na Uingereza wametuma fedha za kujenga kwa miaka, wakarudi wakakuta msingi na majani. Jengo lililokwisha unaligusa, na funguo unapewa. Na watu wanaongezeka kweli: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Wote hao wanahitaji pa kulala.

Ila wengi wao wanatafuta chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Kwa milioni 180 hiyo hiyo, nimempigia hesabu ya kiwanja kilichopimwa upande wa Kigamboni, milioni 40, na nyumba sita za aina hiyo kwa 140 zinazobaki, akisimamia mwenyewe maana sasa ana muda. Kila moja 250,000, jumla milioni 1.5 kwa mwezi. Akihama mmoja, watano wanaendelea kulipa. Kwenye apatimenti, akihama mmoja amehama wa pekee. Kwa mstaafu asiye na mshahara mwingine, hapo ndipo roho yangu inapokataa.

Kama bado atanunua, basi angalau karatasi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo tangu 2008, kwa hiyo adai hati ya sehemu yake, asiridhike na mkataba wa mauziano peke yake. Aulize kama hati ya kiwanja chote iko benki kwa mkopo wa mjenzi. Apime na umbali kutoka baharini, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Na asilipie jengo ambalo bado ni ramani: mradi wa Dege kule Kigamboni, wa nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama 2016.

Amepewa hadi mwisho wa mwezi kulipa malipo ya awali. Wenye apatimenti za kupangisha Mbezi Beach, Kunduchi au Msasani, tuambieni: miaka miwili iliyopita ilikaa tupu miezi mingapi, na ada ya jengo imepanda mara ngapi? Nitamsomea majibu yenu yote, hata yatakayonipinga.